Mtoto aliyezaliwa mdogo: ninavyoulinda moyo wa mwanangu

Mwanangu alizaliwa na gramu 1,850. Presha ya mimba ilinipanda, nikazalishwa kabla ya siku zangu. Leo ana miaka minane, na kadi yake ya kliniki naitunza pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nawe mama mwenzangu anzia hapo: usiitupe kadi. Uzito wa kuzaliwa ukiwa chini ya gramu 2,500, mtajie kila daktari atakayemwona mtoto, hata akiwa kijana mkubwa.

Vichujio vya figo huundwa tumboni, na muda wake ukipita haviongezeki tena. Njiti wengi huwa navyo vichache, basi presha huweza kuwapanda mapema. Huko Hertfordshire, Uingereza, daktari mtafiti David Barker na wenzake walifuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Matokeo yalitoka mwaka 1989: waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Nilipoyajua hayo sikulala. Lakini hatari si hukumu, na mengi yamo mikononi mwetu.

Chakula ndicho kilichonipa kazi. Miaka miwili ya kwanza mtoto mdogo anahitaji kukua kweli: nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, nikamkamulia maziwa na kumnywesha kwa kikombe, maziwa yangu tu hadi miezi sita, pamoja na matone ya madini ya chuma aliyoandikiwa. Hatari nyingine huja baadaye. Nchini Ufini watafiti walichunguza watu 8,760 waliozaliwa Helsinki kati ya 1934 na 1944: aliyekuwa mwembamba alipozaliwa na alipofika miaka miwili, kisha akaongezeka unene haraka hadi miaka 11, ndiye aliyeugua moyo zaidi ukubwani.

Mama mkwe alimpenda mjukuu wake kwa sukari. Uji vijiko vinne, soda kila akija, "anenepe, watu watasema hatumlishi." Sikubishana naye. Nilimwonyesha mstari kwenye kadi, nikamwambia, "Mama, tazama, anapanda vizuri." Tukakubaliana amletee mayai, dagaa na mapapai. Chumvi mezani niliiondoa, chipsi zikawa za sikukuu. Jioni namwacha acheze mpira, si chini ya saa nzima kwa siku.

Mimi ni fundi cherehani, futi kamba haiishi shingoni. Kila ninapomshonea sare nampima urefu, kisha tumbo, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi bila kujibana. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Juzi alikuwa na urefu wa sentimita 124 na kiuno 55, nikashukuru.

Presha ipimwe kila mwaka kuanzia miaka mitatu. Kwa aliyezaliwa njiti sana au mdogo sana, muulize daktari aanze hata kabla. Zahanati moja walimfunga mkanda wa mtu mzima, ukamzunguka mkono na kubaki. Nilikataa kwa adabu. Mkanda mkubwa huonyesha presha ndogo kuliko ilivyo, na mdogo huizidisha. Mfuko wa hewa ulio ndani yake uwe na upana wa karibu sehemu nne kwa kumi za mzunguko wa mkono: mkono wa sentimita 18 unataka mfuko wa kama sentimita saba. Mtoto akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono wa kulia usawa wa moyo. Wala asisomewe kwa namba za watu wazima, kwani kipimo cha mtoto hutegemea umri, jinsia na urefu wake. Ikionekana juu, arudi apimwe siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa.

Na wewe uliyepandwa na presha ya mimba, moyo wako pia uko katika hatari kubwa kuliko wa wenzako. Siku ninayompeleka yeye, nami nakunja mkono wa gauni napimwa.