Acheni kuwakimbiza maksai kwenye plau

Mvua za kwanza zikinyesha tu, kosa ni lile lile: mmoja ameshika plau, mtoto anavuta kamba mbele, na mwingine yuko pembeni na kiboko. Maksai wanatoka mbio. Ikifika saa 3 wamelala mtaroni, ndimi nje, halafu wanaitwa wavivu.

Tupige hesabu. Plau linalokata upana wa sentimita 20 huwatembeza maksai kama kilomita 20 ndipo ekari moja iishe. Mwendo wao wa kulima ni kilomita 2 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo ekari ni kazi ya saa 8 hivi, kugeuza na kupumzika bado. Wewe unaitaka kabla ya chai ya saa 4! Panga nusu ekari kwa asubuhi moja, basi.

Miguu ya ng'ombe imeumbwa kwa kutembea taratibu malishoni kutwa. Msuli wa paja ukijikunja polepole huvuta kwa nguvu. Ukilazimishwa kujikunja haraka, nguvu hiyo hupungua. Tena mwendo wa kasi huamsha nyuzi za msuli zinazochoka upesi. Kiboko kinakupa mbio na kukunyang'anya mvuto.

Sasa pima. Chomeka vijiti viwili vilivyoachana mita 100, washa saa ya simu. Maksai wanaolima wapite kwa dakika 2 hadi 3. Chini ya 2, anayeongoza apunguze mwendo. Wakizidi 3, usiguse fimbo, punguza kina: kama ulikuwa sentimita 15, rekebisha gurudumu ulime 12, kisha pima upya. Na kina kipimwe kwa rula ndani ya mtaro. Habari za "naona kinatosha" sizitaki.

Funga nira saa 12 alfajiri, fungua saa 5. Kila saa wasimame dakika 10, mnyororo ukiwa umelegea. Ulimi ukitoka nje, simama hapo hapo, usisubiri kufika mwisho wa mtaro.

Ukipatia, wakifunguliwa wanakula na kucheua kama kawaida.

Waliotoka kiangazi wamekonda wasianze na saa hizo. Siku za kwanza walime saa 2 tu, kisha ongeza saa 1 kila baada ya siku 2, hata kama jirani yako ameshapanda.