Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Shahada ya Ualimu

Aliyemaliza kidato cha sita na anataka kuwa mwalimu ajue kwanza kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haimpangii chuo. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na kila chuo kina mfumo wake. Kima cha chini kwa kawaida ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, yaani masomo makuu ya kidato cha sita, yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. GS (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics) hayamo katika hesabu hiyo.

Kwa ualimu, hata hivyo, pointi pekee hazitoshi. Amua mapema masomo mawili utakayofundisha, kisha usome jina la programu hadi neno la mwisho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina shahada za elimu katika sanaa na sayansi, lakini pia kina za elimu ya awali, elimu ya watu wazima na saikolojia, na anayetazama maneno mawili ya mwanzo tu hataona tofauti. Usisahau vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa, vilivyoanzishwa mwaka 2005 mahususi kwa ajili ya walimu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni namba ya simu. Binti mmoja niliyemfundisha Historia alikwenda kuombewa vyuo kwenye steshenari iliyo jirani na stendi. Foleni ilikuwa ndefu, na mwenye duka, ili kuokoa muda, alikuwa akijaza namba yake mwenyewe na barua pepe yake kwa wateja wote; nywila aliyompa, iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya risiti, ilikuwa jina la duka. Majina yalipotoka, binti alijiona kwenye orodha za vyuo viwili, nyumbani wakashangilia, na mama yake akaanza kuulizia bei ya godoro. Hakuna aliyewaambia kwamba anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hajapata chuo chochote mpaka athibitishe kimojawapo, kwa namba ya siri anayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa. Namba hiyo iliingia kwenye simu ya mwenye duka, ambaye wakati huo alikuwa msibani mkoani kwao, simu imezimwa. Alipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Binti aliomba upya katika awamu iliyofuata, akakuta programu ya Historia na Jiografia imejaa, akachukua elimu ya watu wazima ambayo hakuwahi kuifikiria.

Kwa hiyo tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako, au ya mzazi unayeishi naye. Fungua barua pepe yako, andika nywila kwenye daftari, na usibadilishe laini hiyo hadi utakapokuwa umesajiliwa chuoni. Steshenari nenda, lakini kaa kando ya anayechapa na usome kila anachojaza.

Mkopo ni ombi jingine kabisa, linalopelekwa Bodi ya Mikopo (HESLB). Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo utakayoombea mkopo, na waliorudia mtihani ndio hasa hujichanganya hapa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema kwenye Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au kwa Zanzibar kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na majina yalingane na yaliyo kwenye vyeti vya shule, herufi kwa herufi.

Jihadhari pia na watu wanaodai kuwa wana ndugu ofisi ya udahili. Ada ya maombi hulipwa kwa utaratibu unaoonyeshwa na mfumo wa chuo, si kwa kumtumia mtu fedha kwenye simu. Vyeti halisi usimwachie yeyote. Mpe nakala, na hata nakala hizo zihesabu kabla hujaondoka.