Unataka kupanda mlima Camelback hapa Phoenix, Arizona? Soma hii kwanza

Jamani mliohamia Phoenix juzi juzi, najua mmeshaziona zile picha za watu wako juu ya Camelback mji wote uko chini yao, na wikiendi hii mnataka kwenda. Nendeni, pako poa sana, ila msiende na ile akili ya "mimi mtoto wa Afrika, jua litanifanya nini". Mimi nilienda nayo mwezi wa tano, saa nne asubuhi na kichupa cha maji nusu lita, kufika katikati kichwa kinagonga lakini shati kavu, nikajiona niko fiti maana sitoki jasho. Kumbe jasho linatoka, hewa kavu ya huku inalinyonya kabla hujaliona, ingekuwa Dar ningeshalowa chapachapa. Nimekuja kushtuka chumvi nyeupe imejichora kifuani kama ramani. Nikageuka.

Njia ya Echo Canyon, moja ya njia za kupandia Camelback, ni kama kilomita 2 tu kwenda, lakini unapanda karibu mita 390. Kuna vipande vimesimama mpaka wameweka vyuma vya kushikilia, na huko juu ni majabali, unatambaa na mikono. Ndala hapana, raba iliyoisha soli hapana. Kushuka ndo balaa zaidi, kokoto zinateleza na magoti yanalia, kuna sehemu mimi nashuka kwa makalio wala sioni aibu.

Maji beba lita 2 kila mtu maana njiani hakuna bomba, na yakifika nusu rudi hata kama kilele unakiona.

Msimu mzuri ni kuanzia Novemba mpaka Machi. Kiangazi usinitaje, 2023 tulipiga siku 31 mfululizo joto nyuzi 43 kwenda juu, na siku za onyo la joto kali jiji linaifunga njia kuanzia asubuhi mpaka saa 11 jioni. Parking ni ndogo, fika alfajiri. Mbwa hawaruhusiwi. Ukizidiwa piga 911 mapema, zimamoto wanakuja hata na helikopta.

Halafu kuna kaktasi inaitwa cholla, kwa mbali utadhani ina manyoya, ukiigusa kidogo tu kipande kimeshakuganda. Usikivute na vidole utaongeza kilio, penyeza chanuo kati ya miba na ngozi, kirushe mbali na wenzako. Lile letu la meno mapana ndo lenyewe, mimi langu linakaa kwenye begi.