Venye unaandika mtu wa ajabu wa ofisi bila kumfanya mjinga

Vijana wengi hapa Nakuru wakipata simu yenye kamera poa na ofisi ya kuazima Jumapili, kitu ya kwanza wanashuti ni kichekesho cha ofisini, na ndani yake lazima kuwe na yule mtu mmoja, suruali imevutwa mpaka kifuani, tai fupi, anaongea kwa kelele na lafudhi ya kijijini. Klipu ya kwanza watu wanacheka, ya tatu wameshapita. Na si ati mwigizaji ni mbaya, wengi wao wanajua kazi kabisa, shida ni mhusika hakuandikwa, alivalishwa tu nguo. Huyu mtu ndiye anaweza kubeba kipindi chenu chote kwa miaka kama mkimpa heshima yake kwa karatasi kwanza, kwa hivyo wacha nieleze venye anajengwa.

Nitatumia Dwight Schrute wa The Office ya Marekani, kile kichekesho cha TV cha ofisini kimeshutiwa kama filamu ya ukweli, wafanyakazi wanajua kamera iko na wanaongea nayo, juu sijaona mwingine amejengwa vizuri hivyo. Ile ya Marekani ilikuwa NBC kutoka 2005 hadi 2013, misimu 9, episodi 201, na Dwight ako karibu zote, ameigizwa na Rainn Wilson. Lakini kabla yake kulikuwa na ya Uingereza, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, BBC 2001, na huko kiti hicho kilikaliwa na Gareth, jamaa wa jeshi la akiba anapenda kujisifu mambo ya vita. Greg Daniels akiileta Marekani hakubeba Gareth mzima mzima. Alibakisha kiti, yaani yule mtu wa karibu na bosi anayependa cheo na sheria kuliko kila mtu, halafu akamtafutia udongo wake: shamba la bitiruti huko Pennsylvania, binamu anaitwa Mose, karate, kazi ya kujitolea kwa sherifu. Na nyinyi mfanye hivyo hivyo. Mkichukua bitiruti na miwani ya Dwight mkaleta Kenyatta Avenue mtakuwa na kopi, mkichukua kiti peke yake mtakuwa na mtu wenu.

Anzeni na biashara yenyewe kabla hata ya mtu. Dwight anauza karatasi, kampuni iko Scranton, mji wa kawaida, na karatasi ni biashara inaliwa pole pole na kompyuta na maduka makubwa. Hiyo hofu ndiyo inafanya kila kitu kiwe na uzito, juu mtu anayependa kazi inayokufa anachekesha na anauma roho kwa wakati mmoja. Sisi tuko na zetu. Fikirieni duka la jumla la vitabu vya shule hapa town. Tangu 2018 serikali inapeleka vitabu vya masomo moja kwa moja kwa shule za umma, na maduka yaliyokuwa yanaishi kwa oda za shule yakabaki na daftari, kalamu, atlasi na vitabu vya hadithi. Weka watu sita ndani ya ofisi kama hiyo na tayari kuna kipindi. Mtu wetu tumwite Kiranja, ndiye karani wa stoo, na wenzake walimpa hilo jina juu alikuwa kiranja shuleni na mpaka leo hajaacha.

Sasa kabla hujaandika hata neno moja la kuongea, kaa chini uandike sheria zake. Si tabia, sheria. Ukisema "ni mtu anapenda usafi" hujaandika kitu, lakini ukisema hakuna mtu anaingia stoo bila kujiandikisha kwa rejista, saa ya kuingia na saa ya kutoka, hata bosi, hata kama ni kuchukua rula moja, hapo umeanza kumjua. Mhuri wa kampuni anaufungia kwa kikebe na ufunguo ako nao shingoni. Risiti iliyokunjwa harudishi pesa mpaka ipigwe pasi. Chai ya saa nne ni saa nne, si saa nne na dakika tano. Andika kama kumi, halafu kwa kila moja jiulize anaamini hivyo kwa nini, na jibu lazima liwe la maana kwake. Labda kuna mwaka katoni nzima ya atlasi ilipotea na yeye ndiye alikatwa mshahara, tangu siku hiyo rejista ni kitu takatifu. Mtazamaji si lazima aambiwe hiyo stori, wewe ndiye lazima uijue.

Halafu mpe maisha nje ya ofisi, na yawe maisha anayoyaleta kazini bila kuulizwa. Mimi ningempa pareto. Kenya ilikuwa inaongoza dunia kwa pareto na kiwanda chenyewe kiko hapa hapa Nakuru, halafu malipo yakaanza kuchelewa, wakulima huko Molo wakang'oa wakapanda viazi. Kiranja hajang'oa. Ako na nusu ekari huko juu kwenye baridi, maua anachuma kwa mkono, anaanika kwa gunia, na anaamini kabisa pareto itarudi na siku hiyo watu watamtafuta. Ofisini anaweka maua makavu ndani ya kabati za faili juu pareto inaua wadudu, na ni ukweli inaua, hiyo ndiyo raha yake, ofisi yake haina mende na hakuna mtu amewahi kumshukuru. Unaona venye shamba limekupa sini bila kutafuta mbali? Na ni kitu watu wa Nakuru, Molo, Njoro, Kuresoi wanajua kwa macho, wengine wazazi wao walilipiwa karo na hayo maua.

Hapa ndipo makundi mengi yanakosea: wanamfanya hajui kazi. Dwight ndiye muuzaji bora pale ofisini! Kampuni ikileta tovuti ya kuuza karatasi, yeye anashindana nayo siku nzima kwa simu na anaishinda. Ukiondoa hiyo, mtazamaji anaanza kuuliza kwa nini hajafutwa, na akishauliza hivyo hawezi kuamini tena kitu kingine. Kwa hivyo Kiranja ajue kwa kichwa bei ya kila daftari, kurasa 32, 48, 96, 200, na ajue shule gani ya Subukia inaagiza chaki nyingi na mwalimu mkuu gani hapokei simu mpaka apigiwe baada ya gwaride. Kuwe na episodi moja ambapo kompyuta imekufa, wateja wamejaa kaunta, na yeye anahudumia wote kutoka kichwani bila kukosea hata shilingi, na wale waliokuwa wanamcheka asubuhi wanabaki kumpisha tu.

Kuhusu lafudhi nitasema moja kwa moja. Achaneni nayo kama chanzo cha kicheko. Hapa kwetu kuna Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Wajaluo na wengine wote kwa mtaa mmoja, na kila mmoja ameshachoka kuona mtu wa kabila lake akiwekwa kama mjinga wa kipindi. Mwigizaji aongee venye anaongea, kama ana lafudhi iwe tu sauti yake, lakini msiandike kicheko ambacho kinaisha ukitoa hiyo lafudhi. Jaribuni hivi: someni mstari na sauti ya kawaida kabisa, kama bado unachekesha uwacheni, kama umekufa futeni.

Mwenzake sasa. Mtu wa sheria anahitaji mtu mmoja wa kumchokoza, na uchokozi wake uandikwe kwa akili. Dwight ako na Jim, muuzaji mwenzake, meza zao zimekaribiana, na kila mtu anakumbuka stepla ndani ya jeli kwa episodi ya kwanza, lakini nzuri zaidi kwangu ni ile ya faksi. Jim anamtumia faksi zinazosema zimetoka kwa Dwight mwenyewe wa siku za usoni, zinamwonya kahawa ya ofisini imewekwa sumu. Dwight anaamini, anamkimbilia mwenzao Stanley aliyeshika kahawa na kukipiga kikombe kikaanguka. Angalia hapo kumetokea nini: utani umeshika juu ya kitu anachoamini tayari, na yeye amefanya fujo akijaribu kuokoa maisha ya mtu. Hakuna ukatili ndani. Kumwekea mtu pilipili kwa chai si uandishi, yeyote anaweza kuwekewa pilipili.

Kwa hivyo rudi kwa orodha ya sheria, chagua moja, ivute mpaka mwisho. Tuchukue ile ya rejista. Mwenzake anaingia stoo saa tatu asubuhi, anajiandikisha vizuri, anachukua bunda la karatasi, halafu anatoka bila kuandika saa ya kutoka. Ni hivyo tu. Lakini kwa Kiranja sasa huyo mtu bado ako stoo. Anamwona hapo kaunta akinywa chai, anamwona vizuri kabisa, lakini rejista inasema ako ndani na rejista haijawahi kumdanganya, na yeye hawezi kumwandikia saa ya kutoka juu sheria inasema kila mtu ajiandikie mwenyewe. Mwenzake naye anasema hawezi kusaini kutoka kama hakumbuki kutoka. Saa sita Kiranja anakataa kumpa kalamu, atampaje kalamu mtu ako stoo. Bosi anaitwa, bosi anasema "fungeni stoo twende nyumbani," na Kiranja anasema hawezi fungia mtu ndani, ni kosa. Saa kumi na moja wengine wote wameenda kupanda matatu. Yeye amebaki, na kabla ya kukaa kwa kiti mlangoni anaingiza ndani chapati mbili na chai kwa flaski, juu hata kama ni mtu mkaidi hawezi kulala njaa kwa zamu yake. Mwenzake akirudi kuchukua mwavuli aliosahau anakuta hiyo sahani. Anachukua rejista, anaandika saa, anasaini. Kiranja anaangalia saini, anafunga stoo, wanatoka.

Sini kama hiyo ikiigizwa na mtu anayejua kuwa inachekesha imeharibika. Mwigizaji wa Kiranja asicheke, asiongeze macho, asiangalie kamera kama anayesema "mmeona?" Kuangalia kamera ni kazi ya wale wengine, huko The Office ni Jim ndiye anatuangalia, Dwight akiongea na kamera anaongea kama mtu anatoa ushahidi. Mkitumia hayo mahojiano ya mtu amekaa anaeleza, yatumieni kumwonyesha akieleza kwa utulivu kitu ambacho tumetoka kuona kikienda tofauti kabisa, na mkate hapo hapo, msingoje kicheko. Hata hapa kwetu hiyo ya kuigiza bila kucheka imeshafanywa na ikafanywa vizuri sana. Marehemu Charles Bukeko, mtu wa Busia, kwa kile kipindi cha TV cha Papa Shirandula alicheza soja anayetoka nyumbani akiwa amevaa suti ili mkewe aamini anafanya kazi ya ofisi. Hiyo siri aliilinda kama heshima ya mtu mzima, hakuicheza kama utani, na ndio maana watu walikaa na yeye tangu 2007, na alipofariki Julai 2020 nchi nzima iliomboleza.

Ubaya pia uwepo, usimfanye malaika. Kiranja anaripoti wenzake kwa bosi, anatamani cheo mpaka inaumiza, na siku bosi ameenda Eldoret akaachwa kaimu kwa masaa manne atakuwa ametoa memo saba na kuhamisha meza zote. Wacha akosee, wacha achukiwe. Lakini mara moja moja, si kila episodi, afanye kitu kizuri bila kutaka sifa. Dwight akimkuta Pam, yule wa mapokezi, analia kwenye korido anakaa naye na kumpa leso, halafu anasema kitu cha kijinga kabisa, na ule ujinga ndio unafanya uzuri wake uaminike. Roy, mchumba wa zamani wa Pam, akimvamia Jim ofisini, Dwight ndiye anamzuia, na akipewa zawadi ya shukrani anakataa. Mkiweka hizi mapema sana hazina nguvu, mtazamaji lazima kwanza awe amemkasirikia.

Kumtafuta mwigizaji msiangalie nani anachekesha watu zaidi kwa kikundi, huyo mara nyingi atataka kicheko na atakitafuta kila mahali. Wape wote karatasi moja ya stoo, orodha tupu: daftari kurasa 96 katoni nne, gundi chupa kumi na mbili, chaki nyeupe pakiti thelathini, rula zilizovunjika mbili. Mwambie kila mmoja aisome kwa sauti kama mtu anayekabidhi stoo kwa mgeni asiyemwamini. Wengi wataanza kuongeza vituko kabla ya kufika kwa gundi. Mchukue yule anayefika kwa rula zilizovunjika na sauti yake inashuka kidogo, kama ambaye angetaka kujua ni nani alizivunja.