Kupamba keki ya gogo la Krismasi: gome, uyoga na theluji ya sukari

Kinachoifanya keki hii ionekane gogo ni gome lake. Uyoga, majani na theluji ya sukari ni nyongeza tu, na gome likiharibika nyongeza hizo hazifichi kitu. Ustadi wa mkono unasaidia, lakini kinachoamua zaidi ni joto la ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto, wakati unaipaka. Ndiyo maana maelezo mengi hapa ni ya ganashi na uma unaochora gome.

Keki yenyewe, kwa kifupi

Ni keki nyepesi ya kukunja: mayai 4 yaliyopigwa na sukari gramu 100 hadi yakawa mazito na meupe, kisha unga wa ngano gramu 75 na kokoa gramu 25 zilizochekechwa pamoja, zikachanganywa taratibu. Oka kwenye trei ya sentimita 25 kwa 35 yenye karatasi ya kuokea, nyuzi 190 za Selsiasi, dakika 10 hadi 12. Igeuze ikiwa ya moto juu ya kitambaa safi kilichonyunyiziwa sukari ya unga, bandua karatasi, ikunje pamoja na kitambaa ukianzia upande mrefu, uiache ipoe hivyo hivyo. Ikipoa ikiwa imenyooka, itapasuka utakapojaribu kuikunja baadaye.

Ikishapoa kabisa ikunjue, paka krimu ya mililita 250 iliyopigwa na sukari ya unga gramu 25, acha sentimita 2 za ukingo wa mwisho bila krimu, kisha ikunje tena. Ifunge kwa karatasi ya kuokea, mshono ukae chini, iweke kwenye friji kwa saa 2 au zaidi. Ukilaza usiku kucha ni bora: keki iliyokaza hukatika vizuri, laini hubonyea chini ya kisu.

Kukata tawi

Keki hii ilienea Ufaransa katika karne ya 19, ikiiga gogo lililokuwa likichomwa mekoni wakati wa Krismasi. Ni kuni, basi, na kuni huwa zimekatwa; ncha zake zionekane zimekatwa. Ondoa kipande cha sentimita 1 kila upande ili mzunguko wa krimu ujitokeze safi. Tumia kisu kirefu cha meno, kichovye kwenye maji ya moto na ukifute kila unapokata.

Kwa tawi, kata kipande cha sentimita 8 kwa mshazari wa nyuzi 45. Upande wenye mshazari ndio unaogusana na ubavu wa gogo, upande ulionyooka unatazama nje. Wengi hukosea hapa: wakibandika upande ulionyooka, tawi linachomoza wima kutoka ubavuni, na mshazari ule unabaki ukining'inia nje bila maana. Ligandishe kwa ganashi, ujaze mwanya kwenye maungio. Ukipenda kisiki juu ya gogo badala ya tawi, kata kipande cha sentimita 4 kilichonyooka na ukisimamishe, lakini kisizidi hapo, maana kitaelemea keki na kuibonyeza.

Kabla ya kupaka chochote, panga keki kwenye sahani au ubao utakaoupeleka mezani, kisha ingiza vipande vya karatasi ya kuokea chini ya kingo zake pande zote. Utavivuta mwishoni na sahani itabaki safi. Gogo lililokwisha kupakwa halihamishiki bila kuvunja gome.

Ganashi

Chokoleti nyeusi ya kokoa asilimia 50 hadi 60, gramu 200. Krimu yenye mafuta asilimia 35, mililita 200. Siagi gramu 20. Katakata chokoleti ndogo ndogo uiweke bakulini. Pasha krimu hadi ianze kutoa mapovu pembeni, mimina juu ya chokoleti, subiri dakika 2 bila kugusa, kisha koroga kuanzia katikati kwenda nje hadi iwe nyororo. Malizia na siagi. Ukitumia chokoleti ya asilimia 70, ongeza krimu mililita 40, la sivyo itakaza mno na kukatika.

Iache mezani, usiitie kwenye friji. Koroga kila baada ya dakika 10 au 15, ukikwangua pembeni. Kwa kawaida huchukua saa moja hadi moja na nusu, lakini usiangalie saa, angalia kijiko: ganashi iwe nzito kama siagi ya karanga, na ukiburuta kijiko, njia yake ibaki bila kujifunika. Ikiwekwa kwenye friji hukaza pembeni huku katikati ni maji, na ukikoroga unapata mabonge.

Ikionekana imekatika, yaani mafuta yanang'aa juu na chini kuna punje punje, tia kijiko kimoja cha chakula cha maziwa ya uvuguvugu na ukoroge kwa nguvu katikati. Ongeza kijiko kingine ikibidi. Nyingi hurudi. Iliyokaza kupita kiasi iweke juu ya sufuria ya maji ya moto kwa sekunde chache, itoe, koroga, rudia. Uvivu wa kuiacha hapo juu dakika nzima utakurudisha mwanzo, kwa sababu ikiyeyuka yote utalazimika kuisubiri ipoe upya.

Gome

Paka kwanza tabaka jembamba la kushika chembe za keki, kisha friji dakika 15. Hapo ndipo unapaka tabaka la pili, nene milimita 5 au 6. Unene huu una kazi: uma unachimba milimita 2 au 3, na tabaka likiwa jembamba meno yanagusa keki, yanang'oa chembe, na gome linapata mabaka. Ncha mbili ziache wazi, mzunguko wa krimu ndio pete za mti. Zikiwa zimechafuka, zipake krimu kidogo na uchore duara ndani ya duara kwa kijiti cha meno.

Subiri dakika chache hadi ganashi isinate ukiigusa kwa ncha ya kidole, ila alama ya kidole ibaki. Sasa chukua uma. Buruta kwa urefu wa gogo, lakini usivute mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha; miti haina mistari ya rula. Inua uma kila baada ya sentimita 6 au 8, anzia pembeni kidogo, acha mistari ipishane, tikisa mkono kidogo. Karibu na tawi, pindisha mistari ilizunguke na kupanda nalo. Mafundo mawili au matatu yanatosha: zungusha ncha ya kijiko cha chai mahali pamoja, kisha upitishe mistari ya uma kuyazunguka. Futa uma kila baada ya mivuto kadhaa, kwani ganashi inayorundikana kwenye meno hufuta mistari uliyokwisha kuchora.

Mistari ikijifunika yenyewe, ganashi ingali laini. Weka keki kwenye friji dakika 5 uendelee. Ikimeguka vipande vipande, imekaza mno. Chovya uma kwenye maji ya moto, ukaushe, upitishe tena.

Nyufa za keki zisikutie hofu. Jaza ganashi, na mahali palipopasuka zaidi ndipo pa kuweka fundo, au tawi lenyewe.

Kuna gome la namna nyingine kwa wasiopenda uma. Yeyusha chokoleti nyeusi gramu 150, itandaze milimita 2 kati ya karatasi mbili za kuokea, kunja karatasi hizo ziwe bomba la upana wa sentimita 3, weka kwenye friji dakika 40. Ukikunjua, chokoleti inakatika kuwa vipande virefu vilivyopinda, unavibandika juu ya ganashi vikipandana. Ni chokoleti iliyosawazishwa joto ndiyo inayobaki na mng'ao: yeyusha theluthi mbili hadi nyuzi 45, tia theluthi iliyobaki, koroga hadi ishuke nyuzi 31 au 32. Bila hivyo itatoa michirizi meupe na kuyeyuka vidoleni.

Uyoga wa merengi

Merengi ni ute wa mayai uliopigwa na sukari kisha ukaokwa hadi ukauke. Uyoga huu tengeneza siku kadhaa kabla. Ute wa mayai 2, sukari gramu 120, matone machache ya ndimu. Piga ute na ndimu hadi utoe povu laini, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja, endelea hadi ukisugua kidogo kati ya vidole usisikie punje. Kwa mfuko wa kupambia, chora vichwa vya duara vya sentimita 3 na ubonyeze ncha kwa kidole kilicholoa. Mashina yavute juu yawe na ncha kali, urefu sentimita 2 na nusu. Nyunyiza kokoa kidogo kwenye vichwa. Oka nyuzi 95 kwa saa moja na nusu hadi mbili, kisha zima na uache vipoe ndani ya oveni. Toboa chini ya kichwa kwa ncha ya kisu, tia chokoleti iliyoyeyuka, ingiza ncha ya shina.

Merengi ikipata nyufa au rangi ya kahawia, oveni ilikuwa kali. Ikitoa matone ya shira, mara nyingi sukari haikuyeyuka. Hifadhi kwenye kopo lililofungwa vizuri, kamwe si kwenye friji, maana unyevu huifanya inate. Kwa sababu hiyo hiyo upake mguu wa shina chokoleti kabla ya kuusimamisha kwenye ganashi, na uupange saa moja kabla ya kula. Weka uyoga kwa mafungu, mkubwa na wadogo wawili, kwenye maungio ya tawi na chini ya gogo. Ukiupanga kwa mstari unaonekana kama vifungo vya shati.

Majani na theluji

Majani ya fondanti (sukari laini ya kufinyanga) au marzipani (lozi zilizosagwa na sukari) ya kijani, unene milimita 2, yachore mishipa kwa mgongo wa kisu na uyalaze juu ya kalamu yakauke yakiwa yamepinda. Vitufe vyekundu viwe vya milimita 5. Vikonyo vya rozimari vinafaa pia. Usitumie matawi halisi ya holi wala ya mistletoe, mimea ya mapambo ya Krismasi huko Ulaya: matunda yake yana sumu na hayana kazi karibu na chakula, hata kama utayaondoa baadaye.

Theluji ni ya mwisho kabisa. Sukari ya unga huyeyuka kwenye unyevu, na keki iliyotoka kwenye friji hutoa jasho ikikutana na hewa ya joto. Itoe nusu saa kabla, jasho likauke, ndipo uchekeche kwa kichujio cha chai ukiwa sentimita 20 juu, kutoka upande mmoja, ili iangukie migongo ya mistari na kuacha mabonde yakiwa meusi. Vijiko viwili vya sukari kwa kimoja cha wanga wa mahindi hustahimili zaidi. Kijiko kimoja cha chakula cha mchanganyiko huo kinatosha gogo zima. Kikizidi, kazi yote ya uma inapotea.

Kwa kuwa ndani kuna krimu, isikae nje zaidi ya saa 2. Kata vipande vya sentimita 2 kwa kisu cha moto, ukianzia ncha iliyo mbali na tawi. Kabla ya kurudisha masalio kwenye friji, ng'oa uyoga, na yote yaishe ndani ya siku 2.