Scrabble: tenga ING kwanza
Nimeonyeshwa mbinu hii ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno (hapa ya Kiingereza) kwa herufi saba ulizo nazo, jana kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, baada ya kushindwa mara tatu mfululizo. Ukishika I, N na G, zisukume kando upande wa kulia, kisha changanya zile nne zilizobaki peke yake. Mfano G, O, N, K, I, C, O: toa ING, unabaki na COOK, na COOKING hiyo hapo. Herufi saba huchanganya macho, nne unaziona haraka. Ukimaliza zote saba kwa mkupuo unaongezewa pointi 50! Miishio ER na ED pia yatengwa hivyo hivyo. Hukwama mabaki yakiwa konsonanti tupu, au neno likidai herufi irudiwe: RUN haizai RUNING, ni RUNNING. Hiyo ilinipotezea zamu.