Maziwa ya mtoto kwanza

Tangu habari za mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, Kilifi, zifike hapa Malindi, nasikia eti kinga ya mionzi ni aidini. Jamani, ile ya kidonda, ya kahawia inayotia madoa vidoleni, hainywewi! Ni sumu. Na chumvi ya jikoni, hata ule pakiti nzima, haitoshi kukukinga.

Cha kushika ni maziwa. Chernobyl, Ukraine, mtambo wa nyuklia ulipolipuka mwaka 1986, aidini yenye mionzi ilitua majanini, ng'ombe wakala, watoto wakanywa, na wengi baadaye wakapata saratani ya tezi ya shingo. Ajali ikitokea, maziwa ya ng'ombe yanayokamuliwa wakati huo yaacheni. Mpeni mtoto ya unga, ya kopo lililofungwa kabla. Aidini hiyo yenye mionzi hupungua nusu kila siku 8.